Springi za kunyanyua Land Cruiser 80: za kiwandani, za kati, nzito, au spesa?

Land Cruiser 80 ilianza kuuzwa mwaka 1990 ikiifuata 60, na ilikuja na springi za koili mbele na nyuma, wakati mtangulizi wake alikuwa na springi za mabapa. Ndiyo sababu ilisifiwa kwa ulaini wa barabarani bila kupungukiwa nguvu porini. Zilizobaki leo karibu zote zimevuka miaka 25. Springi zilizobeba zaidi ya tani mbili kwa muda wote huo zimechoka: gari linakaa chini, nyuma zaidi kuliko mbele, na raba za kugotea zinagongwa kila shimo.

Mwenye gari akifika dukani huulizwa swali moja: inchi ngapi? Naye hujibu mbili au tatu, kutegemea picha aliyoiona kwenye simu. Kwangu mimi swali hilo ni la pili. La kwanza ni kilo ngapi: gari linabeba nini siku za kawaida, na mzigo huo umelalia ekseli ipi. Ukilijibu hilo vizuri, suala la inchi huwa jepesi. Ukilikosea, hata seti ya bei kubwa kuliko zote itakuchosha mgongo.

Anza na mizani

Springi hupimwa kwa ugumu wake, yaani inahitaji kilo ngapi ili ishuke milimita moja. Tuchukue springi mbili za nyuma kwa mfano. Ya kwanza inashuka milimita 1 kwa kila kilo 2.5, ya pili milimita 1 kwa kila kilo 4. Weka mzigo wa kilo 200 juu ya ekseli ya nyuma. Kila upande unapata kilo 100. Gari lenye springi laini litashuka milimita 40, lenye springi ngumu milimita 25. Hapo kila mtu anasema nipe ngumu.

Sasa geuza hesabu. Springi ile ngumu imetengenezwa ili gari likae inchi 2 juu likiwa na kilo 300 za kudumu nyuma. Wewe huna hizo kilo 300. Una kiti cha watoto na begi la vifaa. Kila upande umepungukiwa kilo 150, kwa hiyo gari linapanda milimita 37 zaidi ya zile 50 ulizonunua. Umelipia inchi 2, umepata karibu inchi 3 na nusu nyuma, pua ya gari inaangalia chini, na kila tuta linakurusha. Fundi atasema springi ni mpya, zitalainika. Zitashuka kidogo katika wiki za mwanzo, ni kweli, lakini hazitabadilika kuwa springi nyingine. Ugumu umo kwenye unene wa waya, kipenyo cha koili na idadi ya mizunguko. Unene ndio wenye sauti kubwa kuliko vyote: ukiongeza unene wa waya kwa asilimia 10 tu na kuacha mengine yalivyo, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 46. Ndiyo maana springi mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa mbali sana zikishaingia kwenye gari.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi, lipime gari. Wanunuzi wa vyuma chakavu, maghala ya nafaka na viwanda vingi vina mizani ya magari. Jaza tangi, weka vitu unavyosafiri navyo, pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika. Kisha ya nyuma peke yake, andika. Rudia gari likiwa tupu. Tofauti ya namba hizo ndiyo itakayokuchagulia springi.

Kama mizani iko mbali, jumlisha mwenyewe. Bulbaa ya chuma, ile kinga ya mbele ya gari, huwa na kilo 50 hadi 70, na winchi (mashine ya kujivutia) yenye waya wa chuma inaongeza kama 40. Zote ziko mbele kabisa ya ekseli, kwa hiyo springi za mbele huzihisi kuliko namba inavyoonyesha. Lita 100 za dizeli ni takriban kilo 84. Maji ni kilo 1 kwa lita. Hema la juu ya keria ni kilo 50 hadi 70, na keria yenyewe ya chuma haiko mbali na hapo. Tairi kubwa la akiba lililoning'inizwa mlango wa nyuma pamoja na mkono wake wa chuma ni mzigo wa kudumu, hata siku ya kwenda harusini.

Springi mpya za urefu wa kiwandani

Chaguo hili hudharauliwa, na si haki. Mtu ambaye 80 yake ni gari la familia, linatoka Mbeya kwenda Dar mara chache kwa mwaka na kuingia shamba msimu wa mavuno, mara nyingi anachokikosa ni kile alichopewa na Toyota mwanzoni. Springi zikishuka milimita 30 kwa uchovu, kuweka mpya za kiwandani ni sawa na kulinyanyua milimita 30, na hakuna kingine cha kugusa: usukani unarudi ulivyokuwa, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) haiulizi kitu, breki hazibadiliki. Ongeza shokapu mpya na bushi (raba za viungo) mpya za mikono ya ekseli, gari linazaliwa upya.

Ninachokikataa ni springi za mtumba zilizotolewa kwenye gari lingine, ziwe zimetoka Dubai au Japani. Zina umri uleule wa zako, na zimebeba mzigo usioujua.

Za kati, inchi 2

Kwa 80 inayosafiri kweli, hapa ndipo wengi wanapaswa kuishia. Ni springi zilizopangwa kwa gari lenye bulbaa au bila, lenye mizigo ya wikiendi nyuma, kilo 100 hadi 200 hivi. Australia ndiyo iliyolilea soko hili: Old Man Emu iliyo chini ya ARB, Dobinsons wa Queensland, Ironman 4x4, Tough Dog. Namba za Old Man Emu zinazotajwa sana kwa 80 ni 850 ya mbele na 863 ya nyuma, na ukiona herufi J baada ya namba, hiyo ni ndefu zaidi na ina masharti yake, nitayafikia.

Watu hubishana sana kuhusu majina haya. Naamini tofauti kati ya kampuni moja na nyingine kwa daraja lilelile la uzito ni ndogo kuliko tofauti kati ya daraja sahihi na daraja lisilo sahihi. Springi ya kati kutoka kampuni ya pili kwa ubora itakupa raha kuliko springi nzito kutoka kampuni ya kwanza kama gari lako halina mzigo. Linalonifanya nichague kampuni ni mambo mawili ya kawaida: je, muuzaji anaweza kunipa jedwali la uzito kwa kila namba ya springi, na je, nikivunja moja nitapata mwenzake hapa Afrika Mashariki bila kungoja meli?

Ubora wa daraja hili unaonekana kwenye barabara yenye mikunjo kama bati. Aliyepita Serengeti kutoka geti la Naabi kwenda Seronera wakati wa kiangazi, au njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, anajua. Pale gurudumu linapaswa kushuka ndani ya kila mkunjo na kurudi, bila mwili wa gari kujua. Springi ngumu isiyo na mzigo haishuki. Tairi linarukaruka juu ya migongo ya mikunjo, linapoteza mshiko, na mkia wa gari unaanza kuhama kwenye kona. Ni hatari, na si suala la starehe tu.

Nzito, inchi 2

Springi nzito si mbaya. Ni mbaya kwa gari tupu. Gari lenye tangi la pili la mafuta, droo za chuma nyuma, friji, betri ya pili, maji lita 60 na hema juu limeshafika kilo 300 hadi 400 za kudumu kabla abiria hawajapanda. Hilo ukiliwekea springi za kati litakaa kama halikunyanyuliwa, na kwenye mawe ya lava kuelekea Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, litagota kutwa nzima. Kugota kwa namna hiyo huharibu sehemu za kufungia shokapu na kufungua nyufa kwenye chesi, jambo ambalo 80 haistahili.

Neno la kulishika hapa ni kudumu. Mzigo usioshuka kwenye gari mwaka mzima unahesabiwa. Mzigo wa safari moja ya Desemba hauhesabiwi, una dawa yake nyingine chini hapa.

Na si lazima mbele na nyuma ziwe daraja moja. Gari lenye bulbaa na winchi lakini nyuma tupu linahitaji nzito mbele na za kati nyuma. Gari la shamba lisilo na bulbaa linalobeba magunia linaweza kuhitaji kinyume chake. Duka linalouza seti moja tu kwa kila 80 halijakuuliza chochote kuhusu gari lako.

Inchi 3 hadi 4

Hapa nitasema wazi: kwa matumizi ya nchi zetu, wachache sana wanazihitaji. Wengi wanaozitaka wanataka nafasi ya chini, na springi haziongezi nafasi pale inapopungua. Kitu cha chini kabisa kwenye 80 ni kibuyu cha difu, nacho kiko kwenye ekseli, chini ya springi. Nyanyua mwili inchi 4, difu linabaki palepale. Kinachonyanyua difu ni tairi. Kutoka 275/70R16 ya kiwandani, yenye kipenyo cha kama milimita 791, kwenda 285/75R16 yenye kama milimita 834, difu linapanda milimita 21. Na tairi hilo linaingia kwenye 80 yenye inchi 2. Kilichobaki ambacho inchi 3 au 4 zinakupa ni nafasi ya tairi kubwa zaidi ya hapo, na pembe nzuri ya kupandia na kushukia makorongo, kwa gharama ya uzito kuwa juu zaidi kwenye gari refu lenye keria. Katika mteremko wa pembeni gharama hiyo unaihisi tumboni.

Juu ya bei ya springi utalipa mikono mipya au mabano ya kurekebisha kasta (nitaieleza chini), panhard rodi (fimbo zinazozuia ekseli kuhama pembeni) zinazorekebishika mbele na nyuma, mipira mirefu ya breki, raba ndefu za kugotea, viunganishi virefu vya stabilaiza, na pengine propela shafti ya mbele yenye krosi (viungo vinavyopinda) mbili upande mmoja. Atakayekuuzia springi za J bila kutaja orodha hii anakuuzia nusu ya kazi.

Spesa

Tanzania tumezizoea spesa, vipande vinavyowekwa juu ya springi ili kulinyanyua gari, kwenye IST na Vitz, na kwa gari dogo la mjini linalokwaruza tumbo kwenye kila tuta zimewasaidia wengi. Kwenye 80 ni suala jingine. Spesa haibadilishi ugumu wa springi, wala haifufui springi iliyochoka. Inaisogeza tu chini. Springi iliyoshuka kwa uchovu itaendelea kushuka juu ya spesa, na mizunguko yake ikibanana hadi kugusana, nguvu yote inaingia kwenye chesi.

Ila kuna spesa nyembamba ya milimita 10 ambayo ina kazi ya haki kabisa: kusawazisha. 80 nyingi hukaa chini kidogo upande wa dereva, na nyingine zimeelemea upande wa tangi. Milimita 10 upande mmoja juu ya springi nzima na mpya, hiyo naikubali.

Mipira ya hewa ndani ya koili

Hii ndiyo dawa ya mzigo wa Desemba. Mpira unakaa katikati ya koili ya nyuma, unaujaza upepo ukiwa na mzigo, unaupunguza ukirudi. Gari lenye springi za kati pamoja na mipira hii linaweza kuvuta trela au kubeba familia nzima kwenda Moshi bila kukalia mkia, na Januari likarudi kuwa laini. Udhaifu wake ni kutoboka: jiwe likiingia kati ya koili, au springi ikishuka sana wakati mpira umeishiwa upepo, umekwisha. Usiutegemee kubeba mzigo wa kila siku.

Yanayofuatana na inchi 2

Hata inchi 2 za heshima zina madai yake, na hapa ndipo magari mengi yaliyonyanyuliwa yanapoharibiwa sifa.

La kwanza ni kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Mikono ya mbele ya 80 ikishuka kwa sababu ya kunyanyuliwa, ekseli inazunguka kidogo na kasta inapungua kwa takriban digrii 2. Kasta ya kiwandani ni kama digrii 3, kwa hiyo ulichobakiza ni kidogo. Dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona na gari linalotangatanga kwenye lami ukifika kilomita 90. Wengi hubadilisha tairodi na usukani mzima wakitafuta ugonjwa huo. Dawa ya inchi 2 ni bushi maalumu zenye tundu lililo pembeni, zinazorudisha karibu digrii hizo 2. Zina mwelekeo wake: zikiwekwa kinyume zinapunguza kasta badala ya kuongeza, kwa hiyo simama karibu na fundi anapozipiga presi. Baada ya hapo nenda kwenye alaimenti na udai karatasi yenye namba ya kasta, si ya mnyooko wa magurudumu peke yake.

La pili ni propela shafti ya mbele. Ukirekebisha kasta, pua ya difu la mbele inashuka, na pembe ya krosi inazidi. 80 nyingi huendesha magurudumu manne muda wote, kwa hiyo shafti hiyo inazunguka kila dakika na inaweza kutetemesha sakafu kwa mwendo fulani. Zile chache ambazo magurudumu ya mbele huunganishwa kwa mkono, kwa kuzungusha habu (kitovu cha gurudumu), hazisumbuki kwenye lami.

La tatu halionekani, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kwenye 80 nyingi kuna vali ya breki inayosoma mzigo, iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mwili ukipanda, vali inaamini gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari lako lililojaa linashuka Kitonga, na vali inalihesabu kuwa halina kitu. Marekebisho ni ya bei ndogo: bano la fimbo hiyo linanyanyuliwa au kurefushwa kwa kadiri ile ile gari lilivyopanda. Mwulize fundi swali hili kabla ya kumkabidhi ufunguo. Jibu lake litakuambia kama anaijua kazi.

Shokapu nazo zibadilishwe pamoja na springi. Za kiwandani ni fupi kwa gari lililopanda inchi 2. Gurudumu likining'inia, shokapu ndiyo inayolizuia, na haikuumbwa kwa kazi hiyo. Pia springi ngumu zaidi huhitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuituliza. Kwa barabara za mikunjo tafuta yenye mwili mnene na mafuta mengi, maana safari ndefu kwenye mikunjo huchemsha mafuta hadi yanatoa povu, na shokapu yenye povu haizuii kitu.

Kwa wenye springi za mabapa

Mwenye HZJ75, ile hardtop au pikapu ya miaka ya 1990, ana mabapa mbele na nyuma. Kuanzia 1999 ndugu zake 78 na 79 wakapata koili mbele na kubaki na mabapa nyuma. Kanuni ya uzito ni ileile. Mafundi wetu hupenda kuongeza bapa moja au kukunja upya mabapa ya zamani kwa moto. Kuongeza bapa kwenye gari la mzigo wa kudumu kunasaidia, ingawa ukilipunguzia mzigo litakurusha. Kukunja kwa moto wa kienyeji kunauharibu ugumu wa chuma, na baada ya miezi michache bapa linalala tena au linavunjika. Kama pesa inaruhusu, nunua seti kamili pamoja na pini, bushi na yubolti mpya.

Ningeweka nini

Kwa 80 ya familia isiyo na bulbaa: springi mpya za kiwandani, au za kati za inchi 2 kama unataka tairi za 285/75R16, na mipira ya hewa nyuma kwa safari za mwisho wa mwaka. Kwa ya safari yenye bulbaa, winchi na keria lakini nyuma hakuna droo: nzito mbele, za kati nyuma, bushi za kasta, bano la vali ya breki. Kwa gari la utafiti au la wageni linaloishi na mzigo wake: nzito kote, baada ya mizani kuthibitisha. Kama bajeti haitoshi kwa springi na shokapu pamoja, ningengoja hadi zitoshe zote mbili.

Siku ya kufunga, pima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matao ya bodi, pande zote nne, uandike kabla na baada. Nati za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, kwa sababu bushi iliyokazwa gari likiwa hewani hubaki imejikunja na kuchanika mapema. Baada ya kilomita 1,000 hivi rudi gereji: nati zikazwe tena, vipimo vinne vichukuliwe upya, na bano la vali ya breki lilinganishwe na urefu mpya ambao gari limetulia nao.